Nusu Saa Asiyoipata Mama Régina Feza

Wazee wetu, mama zetu, baba mchungaji, na ninyi nyote mlioketi chini ya hema hili, mliotoka Kasongo, Lusangi na Salamabila kwa pikipiki na kwa miguu, familia inawashukuru kwa kufika, na kabla udongo haujamchukua mtu wetu inaomba masikio yenu kidogo, ili kila mmoja arudi kwake akijua ni nani tunayemzika leo na kwa nini tunamzika mapema hivi. Maneno haya yaliandikwa nyumbani kwa marehemu, na anayeyasoma ni Christophe, mdogo wake wa tumbo moja, kwa niaba ya familia zote mbili, ile ya Kasongo alikozaliwa na hii ya Kabambare alikoolewa.

Marehemu Régina Feza alizaliwa Kasongo tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa kwanza wa baba André na mama Emilienne, wakulima wa mpunga, wakristo, watu ambao nyumba yao ilikuwa karibu sana na kiwanja cha ndege, karibu hata mama Emilienne alipokuwa akipika nje na ndege ikashuka, alikimbia kufunika sufuria kwa kitambaa ili vumbi lisiingie katika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na watoto wa nyumba ile walijua kutofautisha ndege kwa mlio kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi.

Alianza masomo ya msingi Kasongo mwaka 1984 akayamaliza mwaka 1990, na katika miaka hiyo, akitoka shuleni, alibeba sinia ya karanga za kukaanga na kuwauzia wasafiri waliokuwa wakingoja ndege. Siku moja rubani mmoja alinunua karanga zake, akamwambia anakwenda Kabambare, naye mtoto akauliza atafika lini, rubani akajibu kwamba ni nusu saa tu. Régina alisimama na sinia yake kichwani akidhani anachezewa, kwa sababu baba yake alikuwa amekwenda Kabambare kwenye kilio cha ndugu, na nyumba ilikuwa imekaa bila baba karibu wiki mbili. Alirudi nyumbani mbio, akamwambia baba André kwamba yeye anatembea polepole mno, kwani Kabambare ni nusu saa, na baba André alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia, "Ile nusu saa iko ya wenye ndege, mwanangu. Yetu bado inatembea na miguu."

Aliingia sekondari mwaka 1990, akasoma miaka mitatu, na mwaka 1993 aliacha, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu mama Emilienne alijifungua mapacha na kubaki mgonjwa, na katika nyumba msichana mkubwa ndiye mikono ya mama. Mmoja wa mapacha hao ndiye anayewasomea sasa, naye anataka ijulikane kwamba alibebwa mgongoni na yaya yake, dada yake mkubwa huyu, mpaka miguu yake ikagusa chini. Miaka ya vita, yeye na wadogo zake walilala porini kama wengi wenu mlioko hapa, na kwa kuwa wote mnajua porini kulikuwaje, familia haitaeleza.

Tarehe 23 Agosti 1997, huko Kasongo, mbele ya mchungaji na wazee wa pande zote mbili, aliolewa na Salomon, mkulima wa karanga wa hapa Kabambare, aliyekuwa amepeleka mzigo wake Kasongo kwa baiskeli na kuondoka bila mzigo lakini na moyo mzito. Bibi arusi aliletwa hapa juu ya baiskeli hiyohiyo, akisukumwa mlimani na kushuka kila penye mto, na alipofika, mama mkwe wake alimtazama, matope mpaka masikioni, akauliza kama ameletewa mke au amechimbuliwa muhogo. Régina alicheka pamoja nao, akaomba maji ya kuoga, na alipokuwa akinawa miguu ndege ilipita juu ya paa ikitoka upande wa Kasongo, akainua kichwa na kusema polepole kwamba abiria wale asubuhi hii wamekunywa chai kwao.

Mungu aliwajalia watoto watano: Blaise, aliyezaliwa mwaka 1999, dereva wa pikipiki huko Salamabila, Darlène, wa mwaka 2002, ameolewa Lusangi, Michel, wa mwaka 2005, yuko machimboni, Esther-Divine, wa mwaka 2008, aliyesoma sekondari miaka miwili na kuachia hapo, na Laetitia, wa mwaka 2013, ambaye bado anasoma na ambaye mama yake aliapa kwamba huyu atamaliza.

Mwaka 2009, mwezi wa Novemba, mvua zikiwa nyingi, habari ilifika kwa redio ya kuitana kwamba mama Emilienne amefariki Kasongo. Régina aliondoka siku ileile, njia ilikuwa imekatika mahali pengi, akavuka mito kwa kushikwa mkono na watu asiowajua, na alipofika kwao alikuta kaburi tayari limeanza kudidimia kwa mvua na wanawake wakiosha sufuria za kilio. Hakulia mbele yao. Aliuliza tu kama ndege ilikuja kutoka Kabambare siku zile, na aliambiwa ndiyo, ilikuja kesho yake baada ya kifo, ikiwa na watu watatu na makreti ya chupa tupu za bia. Mama huyu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitema mate mbele ya watu, alitema mate chini, akasema chupa tupu zimefika kwenye kilio cha mama yake kabla yake.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi mnamjua kwayo. Kiwanja chetu cha ndege, kama mjuavyo, hakina mashine, kinaishi kwa salongo, kazi ya mikono yetu wote, na tangu zamani kimegawanywa vipande, kila kundi la nyumba na kipande chake, mpaka wa kipande ni mawe yaliyopakwa chokaa, na majani ya kipande chako yakikua, aibu ni yako. Kipande cha nyumba za kwetu kiko pale ambapo magurudumu hugusa chini kwanza, na kilikuwa kimeachwa mpaka nyasi zikafika kiunoni. Régina aliporudi kutoka Kasongo alichukua panga lake na kukikata peke yake, kina mama wengine wakaona haya, wakamfuata, na mwaka 2011 wakamfanya kiongozi wao. Walipomuuliza faida yake nini, yeye ambaye hakuwahi kupanda ndege hata kukaa ndani yake ikiwa imesimama, alijibu kwamba kama ile nusu saa ipo, basi iko mwisho wa majani haya, na asiyeyakata asilalamike kwamba hakuiona.

Na nusu saa hiyo kweli ipo. Mwaka 2017 jirani yake Cécilia alishindwa kujifungua, damu ikawa nyingi, na ndege ndogo iliyokuwa imeleta chanjo ikamchukua, ikashuka Kasongo kabla majirani hapa hawajamaliza wimbo wa tatu wa kumwombea. Cécilia yuko hapa leo, amekaa na kina mama wa jikoni, na mtoto wake yule mwenye shati la njano ana jina zuri la ubatizo ambalo hakuna anayelikumbuka, kwa sababu kijiji kizima kinamwita Wa Ndege. Kwa hiyo asitokee mtu baada ya mazishi kusema kwamba jambo hili haliwezekani kwetu. Kutoka Kabambare hadi Kasongo, kwa anga, ni kilomita mia moja na zaidi kidogo, ndege ndogo inazikata kwa nusu saa, na imezikata mara nyingi.

Sasa familia inafika kwenye sehemu ya ugonjwa na kifo, na inaomba watu wasikohoe wala kutazama chini.

Mwezi wa Juni mwaka huu wa 2024, ilitangazwa kwamba bwana Théophile, mzaliwa wa nchi hii yetu ya Kabambare anayeishi Kinshasa, mkuu wa muungano wa wana wa kwetu waishio huko, atakuja kwa ndege ya kukodi kuleta msaada wa wagonjwa. Jumamosi tarehe 6 Julai kina mama walikata kiwanja chote, marehemu akiwa mbele, na kwa kuwa desturi yetu ni kwamba mgeni aliyeshuka kutoka angani harudi mikono mitupu, kila kipande kilitoa kitu: wengine mchele, wengine mafuta ya mawese, wengine mbuzi. Régina alitoa beberu wake. Wengi mlimjua mnyama yule kwa pua kabla ya macho, harufu yake ilitangulia kona ya nyumba, na marehemu alikuwa amempa jina la Shemeki, yaani shemeji, kwa sababu, alisema, anaingia jikoni bila kuitwa na anakula bila kuuliza nani amepika. Shemeki zake wa kweli, mliokaa pale, mlicheka wakati ule, na yeye angependa mcheke tena leo.

Jumanne tarehe 9 Julai, jioni, tumbo lilianza kumkata. Jumatano lilikuwa limevimba na gumu kama ngoma, alitapika hata maji, na munganga Abdoul wa kituo chetu cha afya, baada ya kumpapasa na kusikiliza, alimwambia Salomon waziwazi kwamba utumbo umejifunga, kwamba anahitaji kupasuliwa, kwamba kituo hakina cha kumpasulia, na kwamba njiani kwa pikipiki hatafika. Cécilia akasema kwamba kesho ndege inakuja. Watu walipiga makofi kana kwamba mgonjwa amepona. Régina mwenyewe, akiwa ameuma kanga kwa maumivu, alisema kwamba alijua majani yale yatamlipa siku moja, akamwagiza Esther-Divine amtolee nguo mpya, maana hawezi kushuka Kasongo akionekana kama muhogo tena.

Alhamisi tarehe 11 Julai asubuhi alipelekwa kiwanjani juu ya kitanda, akalazwa chini ya kibanda cha makuti, na ndege ikashuka vizuri juu ya kipande chake. Msaada wa wagonjwa ulipotolewa ulikuwa machela moja, mpya, ya kitambaa cha kijani, na pembeni yake picha ya uso wa bwana Théophile akitabasamu. Hotuba zilikuwa nne. Mgonjwa alizisikiliza zote akiwa amelala, na katika hotuba yake mgeni alisema kwamba wana wa Kinshasa hawajasahau kwao, na alipoambiwa kwamba kuna mgonjwa pale pale, alisema kwa sauti kubwa kwamba huyo ndiye atakuwa wa kwanza kulala juu ya machela hii na kwamba Kasongo si mbali, ni nusu saa tu. Watu walishangilia. Régina aliinuliwa, akalazwa juu ya uso ule wenye tabasamu, mpiga picha akaja, akamwomba mgeni ashike mkono wa mgonjwa, akaushika mpaka picha ikatoka, akauachia.

Ndipo ikaja mizani. Ndege ndogo haipandi bila kupimwa, na rubani, kijana mwenye adabu aitwaye Ruphin, alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ileile ambayo kwetu hupimia karanga, akapima magunia, akapima madumu, akapima mbuzi mmoja mmoja wakiwa wamefungwa miguu, vyote vikapakiwa, na mwishoni vijana wakainua machela na kumpima mama Régina Feza, mama wa watoto watano, kama gunia. Ruphin alipiga hesabu mkononi mwake, akatazama mwisho wa kiwanja, akaeleza kwa upole kwamba kiwanja ni kifupi na joto linapanda, kwamba mgonjwa na mtu wake mmoja wanaweza kwenda, ila magunia na mbuzi washuke, wangoje safari nyingine.

Bwana Théophile hakusema hapana, familia inataka kuwa ya haki kwake, hakulitamka neno hilo hata mara moja. Aliwageukia wazee, akafungua mikono, akasema kwa sauti tamu, "Wazee wangu mulinipa na mikono mbili. Miye nitakataa namna gani?" Na mzee Bulaimu, aliyekuwa amekabidhi zawadi kwa niaba ya nchi, alitikisa kichwa, akasema kwamba zawadi ikishapanda ndege haishushwi, kwamba kumshushia mgeni mbuzi wake mbele ya macho yake ni kumfukuza, na kwamba Kabambare haijapata kumfukuza mgeni. Cécilia hakungoja, alikwenda mlangoni mwa ndege, akaanza kufungua kamba ya beberu, na vijana wawili wa msafara, wenye miwani ya jua, wakamtoa kamba mikononi wakicheka, wakimwambia mama atulie, mbuzi naye ana tiketi.

Hapo marehemu aliinua kichwa kutoka kwenye machela. Watu wote walimsikia, kwa hiyo hakuna atakayesema tumemwekea maneno mdomoni.

"Ile mbuzi iko yangu," alisema. "Muishushe."

"Mama, ulishaitoa," mzee Bulaimu akamjibu, naye hakumjibu kwa ukali. "Sasa iko ya mugeni."

Régina aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama Bulaimu, akamtazama mgeni, akamtazama Salomon mume wake, na Salomon alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili akitazama viatu vya wazee. Harufu ya Shemeki ilitoka mlangoni mwa ndege na kufika mpaka machelani, yeye aliyezoea kuivumilia miaka mitatu bila kuona kinyaa alifunika pua, akatapika pembeni, juu ya majani aliyoyakata Jumamosi. Bwana Théophile alirudi nyuma hatua moja ili viatu vyake visiguswe. Kisha akasema kwamba hakuna tatizo, ndege itawafikisha Kasongo na kurudi mara moja kumchukua mama, ni nusu saa tu kwenda na nusu saa kurudi. Marehemu aliuliza, bila kuinua tena kichwa, "Nusu saa ya nani?" Mgeni alitabasamu kama picha yake na kupanda.

Ndege haikurudi. Tulisikia baadaye kwamba ilipofika Kasongo ilitiwa mafuta na kuendelea na mgeni na mbuzi wake mbali zaidi, kwa kuwa huko alikuwa anangojewa na rafiki zake. Lakini siku ile hatukujua, na mama huyu alibaki chini ya kibanda cha makuti mchana kutwa, kila mdudu alipolia kwenye nyasi watu walinyanyua vichwa, Laetitia alitumwa kufukuza mbuzi wa watu kwenye kiwanja ili ndege isikose kushuka, naye alifukuza mpaka jua likazama. Machela iliachwa kwetu. Msaada ni msaada.

Ijumaa tarehe 12 Julai alfajiri, Blaise, aliyekuwa amesafiri kutoka Salamabila aliposikia, alimfunga mama yake mgongoni mwake kwa vitenge viwili, Esther-Divine akakaa nyuma kumshikilia, na hao wakaondoka, kwa sababu kukaa ilikuwa kufa na kwenda ilikuwa angalau kwenda. Njia mnaijua. Penye mchanga pikipiki iliogelea, penye mawe ilirukaruka, na kila iliporuka mgonjwa alitoa sauti ambayo Blaise ameomba isielezwe. Kwenye madaraja ya miti walimshusha na kumbeba. Watu wa vijiji vya njiani waliwapa uji, maji ya moto na mahali pa kulala, bila kuuliza ni kabila gani wala dini gani. Jumamosi asubuhi, tarehe 13 Julai, wakiwa wamepita nusu ya njia, aliomba alazwe chini ya kivuli, maumivu yalikuwa yamekwisha, na munganga Abdoul ametueleza kwamba kukoma kule kulikuwa kubaya kuliko maumivu.

Hapo alizungumza vizuri, kama mtu anayeagiza kazi ya kesho. Alisema Laetitia asiachishwe shule hata kama nyumba inalala njaa. Alisema akifa wasimrudishe kwa ile ndege, kwa kuwa hataki kuingia kaburini akinuka mbuzi, na hapo alicheka kidogo, na watoto wake wakacheka naye kwa kuwa walimzoea. Kisha akamshika Esther-Divine mkono, akasema, "Majani yasikue. Kuna mwingine atakuja kuumwa. Lakini mizani ianze na mugonjwa." Alikata roho kabla ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, kando ya njia, nguo mpya ikiwa bado ndani ya mfuko, haijavaliwa.

Mchana uleule picha ilianza kuzunguka kwenye simu, na wengine wenu mliipokea: mama Régina juu ya machela, mgeni ameshika mkono wake, na chini yake maneno kwamba huyu ndiye mgonjwa wa kwanza kusaidiwa. Ilifuata picha nyingine, ya meza ndefu, chupa, na nyama ya mbuzi, na mtu ameandika kwamba nyama ya nyumbani haina mfano. Familia ilipoziona hizo picha mbili, moja baada ya nyingine kwenye simu moja, hakuna aliyeweza kula siku ile, si kwa huzuni, huzuni tunaijua na mtu hula na huzuni yake, bali kwa kichefuchefu.

Jioni yake bwana Théophile alipiga simu, akatoa pole, na akasema ndege iko tayari kumrudisha marehemu Kabambare kwa heshima zote, bila mzigo mwingine. Bila mzigo mwingine, ndivyo alivyosema. Salomon alisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba marehemu ameshapata usafiri, akakata simu. Na kweli alikuwa ameupata, kwa sababu vijiji vilevile vya njiani vilikuwa vimekwisha kumwinua, kijiji kikimbeba hadi mpaka wake na kumkabidhi kijiji cha mbele, wakristo kwa waislamu, mchana na usiku, na Jumapili tarehe 14 Julai jua likishuka aliingia nyumbani kwake mabegani mwa watu.

Jioni hiyo hiyo mzee Bulaimu alikuja kwenye kilio na wazee wenzake wawili. Aliomba jambo moja, kwamba katika historia hii isomwe tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi na ndege ilikuwa nzito, kwa kuwa mambo ya zawadi na mgeni ni mambo ya nchi na hayasomwi mbele ya watoto. Salomon alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Alisimama, na alisema kwa sauti ambayo tangu Alhamisi hakuna aliyekuwa ameisikia, "Kule kiwanjani nilinyamaza, mukubwa. Hapa hapana." Wazee wawili waliondoka. Mzee Bulaimu alibaki, akakaa mahali aliposimama, na hakuna aliyemfukuza.

Leo, Jumatatu tarehe 15 Julai, vijana walipokwenda kuchimba kaburi asubuhi walimkuta mzee huyo kiwanjani, peke yake, ameinama, anakata majani kwenye kipande cha marehemu, kutoka jiwe la kwanza mpaka la mwisho, na mikono yake haijazoea. Hakuwasalimu wala hawakumsalimu. Alipomaliza alikwenda kwa kina mama wa vipande vyote na kuwaambia kwamba kuanzia sasa zawadi ya mgeni haitaguswa kabla mgonjwa hajapimwa na kupanda, na mgeni asiyekubali hilo asishuke kwetu. Familia haijasema kwamba imemsamehe. Esther-Divine alimpelekea maji ya kunywa, akayapokea kwa mikono miwili, na ameketi pale mbele, mnamwona.

Sasa shukrani. Familia inamshukuru munganga Abdoul, aliyesema ukweli mapema na ambaye alikuwa na maarifa bila vifaa. Inamshukuru rubani Ruphin, aliyesema mbuzi washuke. Inawashukuru watu wa vijiji vya njiani, ambao hatujui majina yenu yote lakini mabega yenu tunayajua. Inawashukuru kina mama wa salongo, Cécilia wa kwanza. Inawashukuru majirani kwa kuni, maji na mchele, na wachungaji kwa maombi. Bwana Théophile ametuma shada la maua ya plastiki. Limewekwa kule nje, juu ya machela yake, na yeyote anayekwenda kwake anaweza kumrudishia vyote viwili.

Kipande cha mama kitakatwa Jumamosi ijayo na Esther-Divine, kwa panga la mama yake, na Jumamosi zitakazofuata.

Mama Régina, mtoto wa André na Emilienne, mke wa Salomon, ulitembea kwa miguu ile njia ambayo wengine waliipita juu ya kichwa chako, na umefika. Lala sasa kwa amani, mahali ambapo mtu hapimwi pamoja na magunia.